Mapaja ya Fundi Wilfried

Mteja akimkuta shemeji yangu Wilfried amekaa nyuma ya cherehani yake, kwanza anaogopa. Kifua kinajaza mlango, shingo imezama katikati ya mabega, na mikono yake ni kama michi miwili ya kutwangia mihogo. Katika mikono hiyo kuna sindano ndogo na uzi mweupe. Anashona yunifomu za shule na majoho ya kwaya, na mishono yake ni midogo, imenyooka, utafikiri imeshonwa na msichana wa masista. Halafu anainuka ili akupime, na hapo ndipo unashtuka mara ya pili. Simba yule wa juu amesimama juu ya miguu ya korongo.

Wanawake wa sokoni walikuwa hawamwachi.

"Fundi! Kitambaa kiliisha kabla ya kufika chini?"

"Fundi, Mungu alikukata vibaya, omba akurudishie chenji!"

Wilfried alicheka pamoja nao. Lakini mimi ninaishi naye nyumba moja, na nilijua kwamba kicheko kile hakikufika tumboni. Tangu niolewe sijawahi kumwona amevaa suruali fupi, hata siku za joto kali, hata kuoga ziwani. Alijishonea suruali pana zenye mikunjo mingi mbele, na watu walidhani ni fasheni.

Mimi ni mke wa Nicolas, kaka yake mkubwa. Nicolas anafanya kazi kwenye kiwanda cha sementi kule Kabimba, na nyumbani anafika mara mojamoja. Kwa hiyo hapa Lubuye, mtaa wa Kalemie, tunabaki mimi, mtoto wetu Tina ambaye bado ananyonya, na shemeji. Wilfried alizaliwa milimani upande wa Moba, akaletwa Kalemie akiwa kijana mdogo kujifunza kushona kwa mjomba wake. Hanywi pombe. Jumapili hakosi misa. Tina akilia, anamweka juu ya goti na kukanyaga cherehani polepole, goti linapanda na kushuka, mtoto analala. Kitu kimoja tu kinamtawala mtu huyu, nacho ni chuma.

Sisi tunapaita "Kwa Chuma". Ni kibanda karibu na ziwa ambapo vijana wanajenga miili. Hakuna vyombo vya dukani pale. Kuna ekseli ya kitoroli cha zamani cha reli, kuna vipande vya breki za behewa, kuna makopo ya rangi yaliyojazwa sementi na kutobolewa katikati. Wilfried aliingia pale kabla Nicolas hajanitolea mahari, na hakutoka. Wenzake wa wakati ule wameacha, wana matumbo. Aliyebaki naye ni Djo, anayebeba abiria kwa pikipiki, mtu wa maneno mengi, mfupi na mpana kama kabati.

Jioni nilimpikia Wilfried uji wake: karanga, soya, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliosagwa mpaka unga. Nilimletea kikombe, nikaonja kwanza, ndipo nikampa. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja yeye kabla yako, hata kama ni maji. Si kwamba tunatiliana shaka ya sumu kila siku. Ni adabu tu, kama kupiga hodi.

Siku moja nikamuuliza, "Shemeji, kila siku unanyanyua vyuma, na miguu iko vilevile. Kwa nini?"

Akaweka kikombe chini. Alifurahi kuulizwa.

"Mama Tina, mutu anayeanza, hata akibeba ndoo ya maji tu, nyama inaota. Mimi nimezoea. Mwili wangu unajua kitu nitafanya kabla sijafanya. Sasa unakaa tu, unaniangalia. Lazima niuchokoze na njia zingine."

"Kuongeza uzito?"

"Hapana. Uzito nimeongeza mpaka magoti yanalia. Kuna njia za watu waliokomaa."

Njia zenyewe sikuzijua mpaka zilipokuja kufanyika nyuma ya jiko langu. Ziwa lilipanda. Mvua ile kubwa ilipopita, Kwa Chuma palikuwa maji mpaka dirishani, na pakakaa hivyo kwa majuma mengi. Wilfried alibaki kufanya mazoezi ya kifua na mikono, kusukuma sakafu ya sebule, kujivuta kwenye boriti ya paa. Miguu hakuifanya kitu. Maji yalipoanza kurudi, yeye na Djo wakaenda kuvuta vyuma kwenye matope, wakavileta uani kwetu kwa kigari cha mkono, tunachokiita pusupusu. Nikavipa maji na sabuni kama watoto wachafu.

Wakati ule mashindano ya miili yalikuwa karibu. Yanafanyika kwenye sali, ukumbi mmoja wa sherehe, vijana wanajipaka mafuta na kusimama mbele ya majaji wakiwa na kaputula tu. Mwaka uliopita Wilfried aliwashinda wote kwa mgongo na kifua. Halafu jaji akasema, "Tuone miguu," na watu wakacheka mpaka wakapiga viti. Alirudi nyumbani akashona mpaka asubuhi.

Basi nikaanza kuona mambo.

Kwanza alishuka polepole. Anaweka ekseli mabegani, makopo ya sementi kila upande, anachuchumaa taratibu kama bibi kizee anayetafuta mkeka kwa makalio. Anafika chini, anainuka haraka, halafu tena anashuka polepole. Nikamwambia Djo, "Mbona anachoka namna hii na uzito ni mdogo kuliko zamani?" Djo akasema, "Kuinua kila mutu anajua, Mama Tina. Ni kushusha njo kunajenga."

Nyingine wakaiita kuvua makoti. Wilfried ananyanyua mpaka mguu unakataa. Hapo Djo anatoa kopo moja kila upande, bila kumpumzisha, anaendelea mpaka mguu unakataa tena. Anatoa lingine. Mwishowe ekseli iko tupu, na mwanamume anayeweza kubeba mlango wa nyumba anatetemeka chini ya chuma kitupu kama jani.

Iliyonitisha zaidi ni ya mpira. Walikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, wakajifunga juu ya mapaja, karibu na kinena, wakashika makopo mepesi, wakaanza kuchuchumaa na kuinuka. Mishipa ikasimama kama mizizi. Mimi kwetu nimeona mtu akifungwa hivyo alipoumwa na nyoka. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji! Nani amekuuma?"

Walicheka mpaka Djo akakaa chini. Lakini Wilfried alinieleza vizuri. "Hatukazi sana, ona, kidole kinapita. Na ni muda mufupi. Na siwezi kufanya njia zote siku moja. Hizi ni pilipili, Mama Tina, si mboga. Unafanya kazi yako ya kawaida, mwishoni unatia moja tu. Kidogo."

Hayo ni maneno yake mwenyewe. Niliyasikia kwa masikio yangu, ndiyo maana nilichokiona Jumamosi ile kilinishangaza zaidi.

Mama mkwe wangu, Mama Agnès, alikuwa amefika na boti kutoka Moba, na mzigo wa maharage na viazi. Alikaa kwenye kibao uani akimenya mihogo. Ni mwanamke mwembamba, ameshazika watoto watatu, na wanaobaki anawaangalia kama mtu anayelinda mayai njiani. Wilfried na Djo wakaja na uso wa watu wanaokwenda vitani. Djo akasema siku zimebaki chache, ziwa limewaibia majuma yote yale, sasa watalipiza kwa siku moja.

"Njia gani leo?" nikauliza.

"Zote," akasema Wilfried.

Wakazifanya zote. Kushuka polepole, kisha kuvua makoti, kisha kupumua mara chache na kurudi palepale chini ya chuma, kisha mpira. Mguu ulipokataa, mwenzake alimshika nyuma kiunoni akamsukuma juu kwa nguvu, "Moja tena! Usiniletee umama hapa! Moja tena!" Walipokezana. Tangu mvua, miguu yao ilikuwa imegusa chuma siku chache tu, njia moja kwa siku. Mama Agnès aliacha kumenya. Kisu kilibaki hewani.

"Mama Tina," akaniambia kwa sauti ndogo, "hawa wanaazibiwa na nani?"

Mwishoni Djo alikimbilia nyuma ya migomba akatapika. Wilfried alilala chali kwenye udongo, macho juu, mapaja yanarukaruka yenyewe kama samaki kwenye mtumbwi. Djo akarudi akitambaa, akachukua chupa yake ya maji ya sukari na ndimu, akampa. Wilfried akanywa karibu yote. Mama Agnès akanigusa goti.

"Hakuonja," akasema.

Mimi pia niliona kwamba Djo hakuonja.

Kesho yake ilikuwa vichekesho. Kanisani watu walipopiga magoti, Wilfried alibaki amesimama peke yake kama mnara wa simu, na padri akamtazama mara mbili. Walipokaa, alikaa. Walipoinuka, hakuinuka. Wazee wawili walimshika kwapani. Nyumbani alishuka kizingiti kinyumenyume, ameshika mlango, akinicheka mimi niliyekuwa nacheka. "Ni maumivu mazuri haya," akasema. "Njo dalili ya nyama kuota."

Siku iliyofuata hakuna aliyecheka. Alikaa kwenye cherehani, akaweka miguu juu ya pedali, na pedali haikwenda. Alisukuma kwa mikono goti lake mwenyewe. Mapaja yalikuwa yamevimba mpaka suruali zile pana zikambana. Wilfried akayatazama, akatabasamu! Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, na midomo imekauka, na bado anatabasamu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, naye hakuweza. Mama yake akampa kidumu kidogo chumbani. Mchana nikakichukua ili nikakimwage, kwa kuwa Mama Agnès mgongo ulikuwa unamuuma. Nilifungua kifuniko uani, kwenye jua.

Nilifikiri mtu ametia humo kahawa. Nyeusi, yenye wekundu pembeni inapopita mwanga. Nikasogeza pua, nikaelewa, nikakaa chini palepale pamoja na Tina mgongoni. Mkojo wa mtu. Mtu aliye hai, anayezungumza na mama yake ndani ya nyumba.

Mama Agnès alitoka, akaangalia kidumu, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Sumu," akasema.

Aliingia ndani, akatoa chini ya kitanda chupa ya Djo. Alikuwa ameificha tangu Jumamosi, na ndani yake kulibaki maji kidogo na mbegu za ndimu. Akaifunga kwenye kikwembe chake kama mtu anayefunga nyoka. Akamtuma jirani aite pusupusu. Ng'ambo ya mto Lukuga kuna mzee mmoja, Papa Édouard, anayetapisha watu sumu: anawapa maji ya mizizi, wanatapika na kuharisha mchana kutwa mpaka kitu kitoke. Mama Agnès alisema mtoto wake wa pili alichelewa kufikishwa kwa mtu kama huyo, akafa. Huyu hatachelewa.

"Mama, twende hospitali kwanza," nikasema.

"Hospitali inatibu malaria. Hospitali inajua nini ya roho ya mutu mubaya?"

Mimi ni mke wa mtoto wake, niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, na mume wangu yuko Kabimba. Nani angenisikiliza? Chumbani Wilfried alikuwa ameacha kutabasamu. Aliniuliza kama maji ya kunywa yapo, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Pusupusu ilifika mlangoni. Lakini Mama Agnès alitaka kwanza kumwona Djo. Alisema mwenye sumu akiitwa kwa jina lake mbele ya mgonjwa, sumu inalegea.

Djo akaja. Alibaki kwenye kizingiti, jua nyuma yake.

"Ingia," akasema Mama Agnès.

"Hapa ni vizuri tu, Mama. Shikamoo."

"Sikukuita unisalimie. Ingia. Ao unaogopa nyumba uliyoiharibu?"

Sebule yetu iko chini ya kizingiti kwa hatua moja. Djo akaiangalia ile hatua. Akageuka, akatuonyesha mgongo, akashika mlango kwa mikono miwili, akashusha mguu mmoja kama mtu anayeshuka kisimani. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Nikamwona anafumba macho mguu ulipogusa sakafu.

"Jumamosi ulimupa mutoto wangu chupa yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulionja?"

"Hapana."

"Miaka yote mumekula sahani moja. Siku ile moja hukuonja. Kwa nini?"

"Mama, nilikuwa natapika! Tumbo liligeuka. Ningeonja na kinywa gani?"

"Muongo. Ulitaka kusimama peke yako mbele ya majaji. Unafikiri mimi ni wa kijijini sijui mambo ya mashindano?" Akafungua kikwembe, akatoa chupa, akaisimamisha juu ya meza. "Kunywa."

Kutoka chumbani Wilfried akasema, "Mama, acha," lakini sauti haikufika mbali. Djo aliichukua chupa. Mikono yake mikubwa ilitetemeka, na jasho likamtoka masikioni. Jirani aliyekuwa mlangoni akasema kwa nguvu, "Munaona? Anatetemeka!" Na kweli, aliyemtazama Djo wakati ule angesema mwizi amekamatwa.

Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Suruali ya Djo ilikuwa imembana mapajani.

Maneno yakanitoka kabla sijayapima. "Kaka Djo, na wewe unakojoa nini?"

Mungu wangu. Mwanamke wa watu, mbele ya mama mkwe, mbele ya majirani, anamuuliza mwanamume wa watu habari ya mkojo! Jirani alishika mdomo. Mama Agnès alinigeukia taratibu kama feni inayozimika.

"Umesema nini, we binti?"

Nilihisi masikio yananiungua, lakini neno lilishatoka. "Ninamuuliza yeye, Mama. Ajibu."

Djo alitazama sakafu. Halafu akasema, kwa aibu ya mtoto aliyelowanisha kitanda:

"Kahawa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nyeusi kabisa. Sikumuambia mutu. Nilifikiri ni ugonjwa wa aibu."

"Na chupa hii uliinywa?"

"Mama Tina, hata mate yangu sikuweza kumeza siku ile. Alikunywa yeye peke yake."

Nikamwona Mama Agnès anafikiri. Ni mtu wa shamba. Anajua mbuzi wawili wakivimba tumbo, na mmoja tu ndiye aliyekula jani lile, basi jani silo. Lakini hasira ilikuwa bado na njaa.

"Basi nani amewaroga wote wawili?"

"Hakuna, Mama. Ni ile kazi ya Jumamosi," akasema Djo.

"Kazi gani inamukojoza mutu kahawa? Mulilima shamba gani?"

"Mama," akasema Wilfried kutoka chumbani, na safari hii alisikika, "ni mapaja."

Mama Agnès akainuka. Akapiga magoti mbele ya Djo, mama mzima na mvi zake, akambonyeza paja juu ya suruali kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza parachichi sokoni. Djo akapiga yowe. Akaingia chumbani, tukasikia yowe la pili, la mwanawe. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ni mbao," akasema. "Wote wawili ni mbao." Akamtazama mwenye pusupusu. "Geuza. Hospitali."

Wangekaaje kwenye pikipiki, watu wasioweza kupanua miguu? Tuliwalaza wote wawili kwenye pusupusu, juu ya magunia, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, vifua vimejaa mpaka pembeni. Mji mzima ulitushangaa. Wanawake wa sokoni waliinuka. Mmoja akaanza, "Fundi, leo unauzwa kwa kilo..." halafu akaona nyuso zetu, akajifunika mdomo na kanga.

Daktari aliyetupokea aliitwa Aristide, kijana mwembamba mwenye macho ya usingizi. Aliangalia kidumu cha mkojo nilichokuja nacho, na usingizi ukamtoka.

"Wamekunywa dawa ya kienyeji? Ya kutapisha?"

"Bado," nikasema. "Tulikuwa njiani kwenda."

Akafanya ishara ya msalaba, daktari mzima. Halafu akataka kujua walifanya nini. Djo akaeleza moja moja, na daktari akawa anafumba macho kila mara. Mwishowe akatuambia kwa maneno ya watu kama sisi. Nyama ya miguu imevunjika ndani, si mfupa, nyama yenyewe. Uchafu wake umeingia kwenye damu, na figo ndizo zinazouchuja, nazo zinaziba. Kinachozizibua ni maji, maji mengi, kupitia mshipa. Anayewatapisha leo angewamaliza maji yote mwilini.

"Na hizi njia ni za uongo?" akauliza Mama Agnès.

"Si uongo, Mama. Zinajenga kweli, kwa mutu aliyekomaa na aliye kwenye mazoezi. Hawa miguu yao ililala majuma. Mutu akirudi anarudi na kidogo, anapanda polepole, hata kama zamani alikuwa bingwa. Wao wamerudi na zote kwa siku moja."

Nikamtazama Wilfried. Mwenye maneno ya pilipili na mboga. Aligeuza uso ukutani.

Wakawekewa serumu, chupa baada ya chupa. Djo alianza kukojoa mapema: kahawa, kisha chai, kisha chai ya watu wasio na majani. Wilfried hakukojoa. Daktari alikuja, akabonyeza tumbo lake, akaondoka. Akarudi. Akatuita pembeni, akasema figo zikifunga kabisa kunahitajika mashine ya kusafisha damu, na mashine hapa hatuna, ni kutafuta ndege ya Lubumbashi, na ndege haiji kwa kuitwa. Uso wa Wilfried ulianza kujaa, macho yakawa madogo. Nikaazima simu nikapiga Kabimba. Nicolas alilia kwenye simu. Sikuwahi kumsikia analia.

Mama Agnès alikaa kitini na rozari, macho kwenye chupa tupu ya kukingia mkojo iliyoning'inia pembeni ya kitanda. Na yule Djo aliyemwita muuaji alikuwa kitanda cha pili, akisema na rafiki yake bila kukoma.

"Wilfried, kojoa basi. Kifua ulinipita. Mugongo ulinipita. Sasa mimi bingwa wa mukojo, na wewe unaniangalia tu? Nitakwenda kuwaambia majaji!"

"Nyamaza, Djo."

"Sinyamazi. Moja tu. Usiniletee umama hapa. Moja tena!"

Nilimwona Mama Agnès anataka kukasirika, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, rozari mdomoni.

Mkojo ulikuja siku ya pili, adhuhuri. Matone kwanza, meusi. Muuguzi akasema, "Ngoja." Halafu yakaongezeka. Mpaka jua linaelekea milimani, chupa ilikuwa imebadilishwa, na iliyofuata ilikuwa rangi ya chai. Kesho yake ilikuwa rangi ya bia. Siku Mama Agnès alipoona inafanana na maji ya ndimu, aliichukua chupa ile kabla muuguzi hajamzuia, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapiga vigelegele. Akapita nayo wodi nzima, kitanda kwa kitanda, "Oneni! Oneni mukojo wa mutoto wangu!" Na wagonjwa, hata wasioweza kukaa, walipiga makofi.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamwambia Wilfried asiguse chuma mpaka aambiwe, na atakapoanza, aanze na fimbo ya ufagio mabegani, mara chache, aende zake nyumbani. Djo akauliza kama ufagio una haja ya kushushwa polepole. Daktari akavaa miwani yake, akaenda kitanda kingine.

Nilidhani hofu imekwisha. Asubuhi ya kutoka, nilileta nguo safi, nikamkuta Wilfried amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limefunuliwa, na machozi yanamtiririka kimyakimya mpaka kidevuni. Nikatupa kila kitu nikakimbia kwake.

"Shemeji, unaumwa wapi?"

Akanionyesha mapaja yake. Uvimbe ulikuwa umekwenda wote, na pamoja nao kilikuwa kimekwenda kingine. Alilizungushia paja moja viganja vyake viwili, na vidole vikagusana.

"Mama Tina, ona. Ni madogo kuliko zamani."

Mtu amerudishwa kutoka mdomoni mwa kaburi, mama yake amemaliza rozari nzimanzima, kaka yake amelia kwenye simu, na yeye analilia mapaja. Mama Agnès alikuwa nyuma yangu, amebeba sufuria la uji. Aliliweka chini polepole sana.

"Wilfried. Ungetaka nikuzike nayo makubwa?"

Na mimi, niliyesimama karibu naye kuliko wote, niliona kwa macho yangu kwamba kabla ya kusema hapana, alifikiri.